Gari Lililojikanyagia Klachi

Mume wangu aliendesha lori la kabichi na viazi tangu kabla hajanioa, kutoka Endarasha hadi Sagana na mbele zaidi, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumsikia akisema neno lolote kuhusu upishi. Alikula alichopewa, akanawa mikono, akatoka. Kisha sukari ikampanda, kidonda kidogo cha kidole kikakataa kupona, na madaktari wakamkata mguu wa kushoto chini ya goti. Alirudi nyumbani kwetu Gatitu na magongo mawili, akakalia stuli jikoni, na tangu siku hiyo akaanza kuendesha jiko langu.

"Punguza moto, hapo unapanda na gia kubwa." "Hiyo sufuria umeijaza sana, itashindwa na mlima." Nikikata sukuma wiki ananitazama vile trafiki hutazama lori bovu. Mimi ni fundi wa cherehani, kazi yangu naifanyia hapo verandani, na nikitoka kwenda kushona naye anahamia huko na stuli yake kuniambia nakanyaga pedali kwa fujo. Mimi! Pedali ile nimeikanyaga tangu watoto wetu hawajazaliwa. Siku moja nilimwambia, "Mzee, Mungu alichukua mguu akaacha mdomo, na mimi sikuulizwa." Akacheka sana. Basi, baada ya hapo hakucheka tena kwa muda mrefu.

Maana alikuwa amekataa kwenda popote. Kanisani hakuenda, matangani hakuenda, hata kwa dada yake aliyekuwa mgonjwa hakuenda. Ukimwambia aitiwe gari anajibu, "Nikae huko nyuma nibebwe? Mimi si gunia." Daktari alikuwa amesema wazi kwamba mguu wa kulia ni mzima, macho ni mazima, gari lisilo na klachi anaweza kuliendesha vizuri kabisa. Nilipomkumbusha alikunja uso. "Automatic? Hiyo ni kiti ya kinyozi. Unakaa, unangoja kufanyiwa."

Nilimwona akikonda. Asubuhi alikuwa anakawia kitandani, yeye aliyekuwa akiamka kabla ya jogoo. Nikajua: mtu huyu asiposhika usukani tena atanikaukia hapa mbele ya macho yangu, na mimi nitabaki kugombana na stuli. Hilo ndilo nililopigania, msifikiri nilitaka gari. Gari la nini? Hata toroli mimi siwezi kuliendesha likaenda sawa.

Sasa, nina mteja mmoja wa Nanyuki, Mwislamu, mfanyabiashara wa mifugo, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti. Kanzu zake zote nashona mimi kwa sababu anasema mafundi wengine humpima kwa woga. Siku hiyo alikuja kupimwa akiwa amekasirika.

"Mama, nimenunua gari, kumbe nimenunua kesi," akasema huku amenyanyua mikono nimpime kifua. "Klachi haina, na automatic si automatic. Gia ni za manual, lakini inajibadilishia yenyewe! Na kila ikibadilisha inanirusha kichwa mbele. Wallahi, kutoka Nanyuki mpaka hapa nimewainamia watu wote wa njiani, wanadhani nimepata adabu."

Nilikuwa na pini mdomoni. Nikazitoa. "Sema tena hapo pa klachi."

Akarudia. Alikuwa amelipeleka kwa fundi akaambiwa kwamba giaboksi ni ile ile ya manual, meno ni yale yale, sahani ya klachi ni ile ile. Tofauti ni kwamba mguu wa kukanyaga klachi na mkono wa kubadilisha gia vyote ni vya mafuta, vinasukumwa na pampu. Mimi pale nilisahau hata kifua chake kilikuwa na inchi ngapi, ikabidi nimpime upya. Nikamwambia, "Hilo gari usimuuzie mtu mwingine." Akatupa jicho nyuma ya nyumba alikofungwa mtamba wetu. Mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Akasema, "Na yule ng'ombe umri wake?"

Alilileta wiki iliyofuata. Yeye akaenda moja kwa moja kwa mtamba, akamfungua mdomo kuhesabu meno. Mume wangu, ambaye nilikuwa nimemwambia nusu tu ya habari, akatoka jikoni na magongo yake, akasimama mbali na gari kama mtu aliyekuta ugeni asioutaka.

"Ni automatic," akasema.

"Si automatic," nikasema. "Ni manual."

"Pedali ni mbili. Mimi nilikatwa mguu, sikukatwa macho."

Yule wa Nanyuki, mkono bado uko mdomoni mwa ng'ombe, akapaza sauti, "Fungua mlango wa dereva, mzee, usikie!"

Akaufungua. Ndani ya boneti kitu kikanguruma, nguuuu, kikanyamaza. Injini ilikuwa imezimwa. Mume wangu akarudi nyuma gongo moja. "Nani ako huko ndani?"

"Ni pampu. Ukifungua mlango inaamka, inaanza kujaza presha."

"Presha ya nini?"

"Ya kukukanyagia klachi."

Mume wangu akasogea mbele. Halafu akasema nimshikie gongo, akafungua boneti, akainama mle ndani, na yule wa Nanyuki akaendelea na mtamba. Ilikuwa ajabu kuwatazama, kila mmoja ameingiza kichwa kwenye mali ya mwenzake, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema ameridhika.

Yaliyomo mle ndani nimeambiwa mara nyingi kuliko Baba Yetu uliye Mbinguni, kwa hivyo naweza kuyasema hata nikiwa nashona. Kuna pampu ndogo ya umeme. Inasukuma mafuta yaende kwenye tufe la chuma linalotoshana na chungwa. Ndani ya tufe kuna ngozi ya mpira iliyoligawa mara mbili, upande huu mafuta, upande ule gesi iliyobanwa. Gesi inataka kutanuka, inayasukuma mafuta, kwa hivyo presha inakaa tayari hata pampu ikiwa imepumzika. Dereva akisukuma kijiti cha gia hagusi gia yoyote, ni ombi tu ametuma. Kompyuta inasoma ombi, inaituliza injini kidogo, inafungua vali za umeme. Mafuta yanakimbilia kwenye silinda moja, fimbo yake inatoka inasukuma klachi. Mengine yanaingia kwenye silinda za gia, fimbo zinatoa gia ya kwanza, zinahama, zinaingiza ya pili. Sensa zinasema imefika. Mafuta yanarudi, klachi inashikana taratibu, safari inaendelea. Na yote hayo yanaisha kabla hujamaliza kusema haiya.

Aliponieleza mara ya kwanza alitarajia nisielewe. Nilimwambia, "Kwani hiyo ni ngumu? Ukitaka kugeuza kitambaa, kwanza unainua sindano. Ukigeuza sindano ikiwa ndani, unaivunja. Klachi ni kuinua sindano. Gia ni kugeuza kitambaa."

Akanitazama. "Nani amekwambia hivyo?"

"Hiyo pedali nakanyaga kwa fujo."

Mtamba akaenda Nanyuki. Gari likabaki. Mume wangu akalizunguka siku nzima, akalitukana, akalifuta vumbi, akalitukana tena, mwisho akaingia na kuniambia niketi kando. Tukatoka getini. Gia ya pili ilipoingia tukainamisha vichwa sote wawili. Ya tatu, tukainamisha tena. Mtu akituona kwa mbali angedhani tumekubaliana jambo, na ndoa yetu haijawahi kuwa na makubaliano mengi hivyo kwa wakati mmoja.

"Huyu tanboi ni mzembe," akasema. Tanboi kwa watu wa lori ni yule msaidizi wa kupakia mizigo na kuweka jiwe nyuma ya tairi. Tangu hapo silinda zile zikawa tanboi, na alizungumza nazo njia nzima. "Sasa unangoja nini? Ingiza! Ona huyu. Ingiza polepole, umebeba mama ya watu." Akagundua kwamba akiondoa mguu kwenye pedali ya mafuta kidogo wakati gia inabadilishwa, kichwa hakitupwi. Alifurahi sana, utasema amemfundisha mtoto kutembea. Siku chache baadaye jiko langu likawa langu. Nilipika ugali bila kuambiwa gia, na nitasema ukweli, ule wa kwanza niliuunguza, sikuwa nimezoea ukimya.

Lakini hakuwa akienda popote bila mimi. Duka la mbegu, twende. Kanisani, twende. Kukata nywele, mama ingia tuende. Alisema ni kwa sababu ya kubeba magongo. Magongo gani, na yalikuwa yamelala kiti cha nyuma hayamsumbui mtu? Mimi nilijua anaogopa jambo limpate njiani akiwa peke yake, ashindwe kushuka, watu wamzunguke wamwonee huruma. Dereva wa lori hasemi naogopa. Anasema magongo. Kazi za watu zikarundikana kwenye cherehani, nikashona sare za shule kwa kukimbizana, na nikajiambia bado hatujafika. Siku atakayotoka peke yake ndiyo nitajua nimemrudisha.

Ndipo akafanya lile jambo la balansi.

Madereva wa huku milimani wana ugonjwa mmoja. Ukisimama kwenye mlima, nyuma yako kuna mteremko, mtu wa kawaida anavuta breki. Wao hapana. Wanaachia klachi kidogo, wanatia mafuta kidogo, gari linaning'inia pale bila kwenda mbele wala kurudi nyuma. Hiyo ndiyo balansi. Mume wangu alifundishwa kwa kuwekewa kiberiti nyuma ya tairi, ukikivunja umeanguka. Yeye hakuvunja. Habari ya kile kiberiti niliisikia wakati wa uchumba, na nikaisikia tena kwenye harusi, mbele ya wazazi wangu.

Basi Jumapili moja tunatoka kanisani, tuko kwenye mlima wa kutoka mtoni, magari yamejipanga kwa sababu ng'ombe wa mtu wamejaa barabarani. Pembeni wanawake wa kanisa letu wanatembea kwa miguu na makoti yao ya Jumapili. Mume wangu akawaona. Akaondoa mguu kwenye breki, akauweka kwenye mafuta, kidogo, kidogo. Gari likaning'inia.

"Unaona?" akaniambia. "Hata hii inajua balansi."

"Weka breki."

"Breki ni ya watu wa benki."

Akapungia wanawake mkono. Ng'ombe hawakuwa na haraka. Gari likaanza kulia pi, pi, pi, taa nyekundu ikawaka, pampu nayo ikanguruma bila kupumzika. Nikasikia harufu ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Nikamwambia kitu kinaungua. Akasema ni lori la mbele. Moshi ukatoka chini yetu, pampu ikakohoa, ikanyamaza, injini ikazimika, na sasa breki akaikanyaga kwa nguvu zote.

Wanawake wa kanisa wakaja mbio. Wanaume nao wakashuka kwenye magari. Sisi watu wa huku gari likikwama hatuulizi, tunasukuma. "Mzee toa gia! Toa gia tusukume!" Akasukuma kijiti huku na huku, kijiti kinacheza tu, hakuna kitu. Maana gia hutolewa na mafuta, na mafuta hayakuwa na presha. Klachi nayo, presha ikiisha, hushikana, ndivyo ilivyoundwa, hiyo presha ndiyo huiachanisha. Kwa hivyo gia ya kwanza iko ndani, klachi imeshikana, magurudumu yamefungwa na injini. Wakasukuma. Gari halikusonga. Wakahesabu moja, mbili, wakasukuma tena mpaka mwanamume mmoja akapasua suruali nyuma. Mama mmoja akasema hii si ya kawaida, akaweka mikono juu ya boneti, wenzake wakaweka yao, wakaanza kuomba kwa sauti. Mume wangu alikuwa ndani, mikono juu ya usukani, akiombewa kupitia kioo.

Tulirudi nyumbani kwa kubebwa, gari na sisi. Nilikuwa na hasira mpaka nikasema jambo ambalo halikupaswa kusemwa. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!" Neno likishatoka halirudi. Nilitamani ardhi inimeze.

"Yangu ilikatwa," akasema. "Haikuvunjika." Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Fundi wa kwanza tuliyemwita alikuwa wa mjini Nyeri. Alitazama, akapiga mluzi, akasema hayo mambo ya mafuta ni ya wazungu. "Nitang'oa hiyo takataka yote, niwawekee pedali ya klachi kama kawaida. Hii giaboksi inakubali."

Mume wangu alikuwa ametoka kusikiliza. Akapandisha mguu wa suruali. "Nitaikanyaga na nini? Na gongo?"

Yule fundi akakitazama kigutu, akafikiri. "Utazoea, mzee."

Nilimfukuza, nusura nimrushie makasi. Lakini mume wangu hakucheka wala hakukasirika. Akasema, "Liuzwe kama chuma," akarudi ndani. Siku zilizofuata nilipika mbele yake chakula kibaya makusudi. Nilijaza sufuria mpaka ikafurika. Niliwasha moto wa kuchoma nyumba. Hakusema neno. Niliogopa. Niliogopa kuliko siku waliyomkata mguu, kwa maana siku ile alikuwa akiwabishia madaktari.

Nikakumbuka kuna fundi mmoja Sagana aliyekuwa akitengeneza lori lake zamani, mtu wa makelele na majivuno, wakigombana kila wakikutana. Nikampigia simu, nikamweleza. Akasema mara moja, "Pampu inanguruma kila ukibadilisha gia?" Nikasema ndiyo. "Leteni. Na mlete huyo mjinga." Nikaagiza gari la kubebea magari, na nikaenda chumbani.

"Twende Sagana."

"Mimi si gunia."

"Sawa. Baki. Nitampigia yule wa pedali aje aweke, ukirudi kwa akili utakuta klachi inakungoja."

Akajiinua kitandani, akasema nimletee kiatu. Tuliketi mbele pamoja na dereva wa lile gari, na hatujafika hata mbali, mume wangu akaanza. Kona umeikata vibaya. Mbona unafuata mtu karibu hivyo? Hapa shuka na ya tatu, wewe nani alikupa leseni? Dereva wa watu aliteseka mpaka Sagana. Mimi nilitazama nje ya dirisha ili wasione nikitabasamu.

Fundi alitupokea kwa makelele. Alifungua boneti, akagonga lile tufe, akasikiliza, akagonga tena. "Limekufa zamani. Gesi imetoka. Tufe likiwa zima pampu inalijaza, inalala, unabadilisha gia mara kadhaa ndipo inaamka tena. Hili halina akiba. Pampu imekuwa ikifanya kazi ya kijungujiko, ya kutafuta na kula papo hapo. Kwa hivyo ilikuwa mgonjwa. Lakini nani aliimaliza?" Akageuka. "Nani alikuwa anaendesha?"

"Mimi," mume wangu akasema.

"Ulikuwa unashikilia mlima na mafuta?"

"Nilikuwa nabalansi."

"Unabalansi na mguu gani?"

Mume wangu akatazama chini, pale mguu ulipokuwa. Halafu akaangua kicheko, kikubwa, cha tumboni, mpaka akashika ukuta. Fundi naye akacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha, nilitaka kumpiga mmoja wao, sijui yupi.

"Sikiliza," fundi akasema alipomaliza kujipangusa macho. "Balansi ni mguu wa kushoto kusikia pale klachi inaanza kushika. Huo mguu wako haukuwepo. Ule uliopo uko hapa ndani, na hausikii wewe, unasikia kompyuta. Wewe unatia mafuta, kompyuta inasema anataka kwenda, shika. Unapunguza, inasema hataki, achia. Shika, achia, shika, achia, mbele ya wamama wa kanisa. Angekuwa tanboi wa kweli angeshuka akaenda kwao."

"Sasa mlimani nifanye nini?"

"Breki. Kaa na breki mpaka utake kwenda."

"Breki," mume wangu akasema, na uso wa mtu aliyeambiwa avae rinda.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, bwana wewe. Badilisha koleo."

Walitia tufe jipya na pampu iliyotoka kwenye gari lingine, wakamwaga mafuta machafu, wakatia safi, wakatoa hewa. Sahani ya klachi ilikuwa imeungua ukingoni lakini fundi akasema itavumilia. Kisha akaniambia mimi niketi kwenye kiti cha dereva kwa sababu yeye na mume wangu walitaka kutazama chini ya boneti. Mimi! "Kanyaga breki, sukuma kijiti mbele." Nikasukuma. Kitu kikasema klak. "Rudisha." Klak.

"Tena," mume wangu akasema.

Nikasukuma. Nilichungulia kwa ule mwanya wa boneti nikamwona. Alikuwa ameweka mkono wake juu ya ile fimbo ya klachi, vidole vimetulia, anaisikiliza ikitoka na kurudi. Fundi kwa mara ya kwanza alikuwa amefunga mdomo. "Tena," mume wangu akasema. "Tena." Sijui nilisukuma kijiti mara ngapi. Mwisho alijinyoosha, akapangusa mkono kwa kitambaa, akasema, "Huyu anakanyaga vizuri. Ni mimi nilikuwa namsumbua."

Ilibaki kompyuta kufundishwa upya mahali hasa klachi hii iliyoungua ukingoni inapoanza kushika. Fundi akaunganisha kifaa chake, tukaambiwa tusiguse kitu, gari likajikanyagia lenyewe huku tumelizunguka kama wageni kwenye nyumba ya mzazi. Likamaliza. Likawaka. Fundi akajisifu kwa muda mrefu, na kwa kweli ilikuwa haki yake.

Kurudi tulipanda milima yote ile. Mahali pamoja lori la ndizi likasimama mbele yetu kwenye mlima mkali. Niliutazama mguu wa kulia wa mume wangu. Ukasita juu ya mafuta. Ukahama. Akaikanyaga breki, na uso aliotengeneza ni ule wa mtoto anayemeza dawa ya minyoo, lakini aliimeza. Lori likaondoka, akaachia, akatia mafuta, tukapanda bila moshi. Hakusema chochote. Nami, kwa neema ya Mungu, sikusema chochote.

Tulipofika nyumbani nilishuka kufungua geti. Viatu nilikuwa nimevivua njiani kwa sababu miguu ilivimba, nikashuka hivyo hivyo pekupeku, mkoba na simu vyote nimeviacha kwenye kiti. Nikasukuma geti mpaka mwisho, nikasimama kando nimpishe. Hakuingia. Alitazama ndani ya boma, akanitazama mimi, akatazama barabara. Halafu nikasikia pi, pi, pi, ya gia ya nyuma.

"Unaenda wapi?" nikapaza sauti.

"Kuangalia kama oili inavuja!"

"Oili inavujia huko barabarani? Mzee! Mkoba wangu! Viatu vyangu, wewe!"

Akageuza gari likaelekea juu. Nikasikia gia ya pili ikiingia, laini, halafu ya tatu, halafu kona ikamficha. Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kiswahili, nikamtukana kwa lugha ya mama, mpaka mbwa wa jirani akabweka kuniunga mkono. Nilikuwa nimekasirika, na nilikuwa na furaha, na sikujua ni lipi kati ya hayo mawili lililokuwa likinitoa machozi. Nikakaa chini pale kwenye nyasi za getini, mwanamke mzima pekupeku, nikalia na kucheka.

Jirani yetu akanikuta hapo. Alikuwa amekuja kuazima toroli, na toroli lile mume wangu hulifungia kwa kufuli. Akanitazama kwa wasiwasi. "Mama, kuna shida? Mzee ako nyumbani?"

Nikajipangusa uso kwa leso. "Hayuko," nikasema. "Ametoka."

"Atarudi saa ngapi?"

"Sijui," nikasema. "Hakuniambia."